Lubitsch: Mwana wa fundi cherehani aliyeyaleta mapenzi mkahawani

KUAHIDIANA kukutana mkahawani na mtu ambaye hujawahi kuuona uso wake si jambo geni tena. Katika mtaa wa Munyaka mjini Eldoret, kama ilivyo katika mitaa mingine mingi ya Kenya, wapo vijana waliofahamiana kwa ujumbe wa simu miezi mingi kabla ya kuonana ana kwa ana. Kabla yao walikuwapo wazazi wao, waliotafuta marafiki wa kalamu magazetini na kutumiana salamu redioni, kisha wakangoja majibu katika sanduku la posta la shule, la kanisa au la mwajiri.

Wote hao wanaijua hofu ya ile siku ya kwanza. Je, aliyeandika maneno yale matamu ndiye huyu atakayeketi upande wa pili wa meza? Na iwapo siye, mtu ataondokaje bila kuaibika wala kumwaibisha mwenzake?

Hofu hiyo ndiyo kiini cha filamu ya The Shop Around the Corner, yaani duka lililo pale kwenye kona, iliyoanza kuonyeshwa nchini Marekani Januari 1940. Mwelekezi wake, Ernst Lubitsch, aliaga dunia mwaka wa 1947. Hata hivyo, ni vigumu kuzitaja filamu za vichekesho vya mapenzi, hasa zile ambazo wahusika hugombana na kupatana juu ya vikombe vya kahawa, bila ya kumrejelea. Ajabu ni kwamba alipoitengeneza filamu hiyo, yeye mwenyewe alikuwa na sababu chache sana za kucheka.

Lubitsch alizaliwa Januari 1892 mjini Berlin, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Babake, Simon, alikuwa fundi cherehani kutoka Grodno, mji ambao wakati huo ulikuwa chini ya milki ya Urusi na ambao leo uko Belarus. Huko Berlin, mzee huyo alijenga biashara ya makoti ya wanawake, na kama wafanyabiashara wengi alitarajia kwamba mwanawe angeirithi.

Mwana alikuwa na ndoto tofauti. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16, akitaka kuwa mwigizaji. Mwafaka uliopatikana nyumbani ulikuwa wa kuchosha: mchana Ernst aliketi katika biashara ya babake akiandika vitabu vya hesabu, na usiku ulipoingia alikwenda kuchekesha watu katika kumbi za burudani.

Miaka hiyo ya dukani haikupotea bure. Duka ni shule ya tabia za binadamu. Humo yumo karani anayecheka mzaha wa mwajiri kabla haujafika mwisho, yumo mteja anayepapasa kitambaa kwa saa nzima ilhali hana nia ya kununua, na yumo msaidizi anayejua siri za kila mtu kwa sababu hakuna anayejali kuwapo kwake. Lubitsch aliwabeba watu hao moyoni kwa miaka 30 kabla ya kuwapa filamu iliyowastahili.

Mwaka wa 1911, kwa msaada wa mchekeshaji mkongwe Viktor Arnold, alijiunga na kikundi cha Max Reinhardt, mwelekezi wa tamthilia aliyesifika kuliko wote nchini Ujerumani enzi hizo. Alipewa nafasi ndogo ndogo jukwaani. Hakuwa na sura ya kumfanya mpenzi wa malkia katika mchezo. Alikuwa mfupi, mwenye pua kubwa na macho ya utundu. Ila sinema, ambayo wakati huo ilikuwa changa na haikuwa na sauti, ilimpokea kwa mikono miwili.

Filamu zake za mwanzo zilikuwa za dukani kabisa. Katika Der Stolz der Firma ya mwaka wa 1914 na Schuhpalast Pinkus ya mwaka wa 1916, aliigiza kijana Myahudi mwenye maneno mengi na adabu chache ambaye huanza kwa kuvuruga kila kitu kazini na kuishia kuwa tajiri. Wajerumani walicheka. Punde si punde Lubitsch aligundua kwamba alipenda zaidi kuwaelekeza wengine kuliko kusimama yeye mwenyewe mbele ya kamera.

Hapo nyota yake ikang'aa. Mwaka wa 1919 pekee alitoa Die Austernprinzessin na Die Puppe, vichekesho vilivyojaa vituko, pamoja na Madame Dubarry, hadithi ya kimapenzi iliyotokea katika ikulu ya Ufaransa, ambamo mwigizaji Pola Negri alivuma. Filamu hiyo ya mwisho ilipofika Marekani, wenye sinema wa huko walianza kuulizana ni nani huyo Mjerumani anayeweza kuongoza umati wa watu elfu na bado akakuonyesha kope za mwanamke mmoja zikipepesa.

Safari yake ya kwanza ya Marekani haikuwa na heri. Alifika huko mwishoni mwa mwaka wa 1921, vidonda vya Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa bado vibichi, na wafanyakazi wa sinema wakiziogopa filamu za Ujerumani kuwa zingewanyang'anya riziki. Baada ya wiki tatu hivi alifunga virago. Mwaka uliofuata alirudi tena, safari hii akiwa amealikwa na Mary Pickford, mwigizaji aliyependwa mno na Wamarekani. Filamu yao, Rosita, ilitoka mwaka wa 1923. Wawili hao hawakuelewana, lakini Lubitsch hakurudi tena Ujerumani kufanya kazi.

Huko Hollywood alijijengea mtindo ambao wahakiki waliuita mguso wa Lubitsch. Mengi yameandikwa kuuhusu, na mengine hayaeleweki hata na walioyaandika. Kwa lugha nyepesi, Lubitsch hakumwonyesha mtazamaji jambo ambalo mtazamaji aliweza kulimaliza mwenyewe kichwani. Alionyesha mlango uliofungwa, akamwachia mtazamaji yaliyokuwa nyuma yake.

Mfano mmoja unatosha. Katika The Merry Widow ya mwaka wa 1934, mfalme mnene anatoka katika chumba cha malkia, na afisa kijana anayelinda mlango anaingia. Mfalme anakumbuka kwamba ameusahau mshipi wa upanga wake. Anarudi chumbani na kutoka akiwa na mshipi mkononi, akitabasamu, bila shaka yoyote. Anajaribu kuufunga kiunoni. Haufiki hata nusu ya tumbo lake. Hakuna busu lililoonyeshwa, hakuna neno lililotamkwa, na wakaguzi wa filamu, ambao mwaka huo walikuwa wameanza kuzikaza kamba, hawakuwa na kipande cha kukata. Ukumbi mzima ulikuwa umeshaelewa.

Lakini milango iliyofungwa ilikuwamo pia katika maisha yake mwenyewe. Mwaka wa 1922 alikuwa amemwoa Helene Kraus. Rafiki yake wa chanda na pete katika miaka hiyo alikuwa Hans Kräly, mwandishi aliyemwandikia sehemu kubwa ya filamu zake tangu Berlin na aliyemfuata hadi Marekani. Mwaka wa 1930 ilibainika kwamba mke na rafiki walikuwa wapenzi. Ndoa ilivunjika mwaka huo huo. Watatu hao walipokutana katika dansi moja ya watu wa sinema, Lubitsch alimpiga Kräly mbele ya umati, na habari ikaenea mji mzima. Lubitsch na Kräly hawakufanya kazi pamoja tena.

Pigo la pili lilitoka nchi alikozaliwa. Adolf Hitler alitwaa uongozi wa Ujerumani Januari 1933, na miaka miwili baadaye serikali yake ikamvua Lubitsch uraia. Mwana wa Berlin akawa hana nchi, hadi alipopewa uraia wa Marekani mwaka wa 1936. Wanazi hawakuishia hapo. Katika Der ewige Jude, filamu ya propaganda waliyoitoa mwaka wa 1940 ili kuwapaka matope Wayahudi, walizitumia picha za Lubitsch kama kielelezo cha uovu waliodai kuupiga vita.

Kazini nako mambo yalienda mrama. Mwaka wa 1935 alipandishwa cheo na kuwa msimamizi wa filamu zote za kampuni ya Paramount. Ilikuwa kazi ya kusoma hesabu na kuamua filamu za wengine, kazi ile ile aliyoikimbia katika duka la babake, na mwaka uliofuata aliondolewa. Ni kana kwamba alihitaji kupigwa kalamu ili akumbuke hali ya mfanyakazi anayeamka asubuhi bila kujua kama jioni bado atakuwa na mwajiri.

Mwaka wa 1935 alioa tena, mkewe akiwa Vivian Gaye, na mwaka wa 1938 wakajaliwa binti, Nicola. Kisha ikaja Septemba 3, 1939. Siku hiyo Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani, na saa chache baadaye nyambizi ya Kijerumani ikaishambulia meli ya abiria Athenia iliyokuwa ikielekea Kanada. Zaidi ya watu 100 walikufa. Ndani ya meli hiyo alikuwamo Nicola, ambaye hakuwa hata ametimiza mwaka mmoja, pamoja na yaya wake. Yaya hakumwachilia mtoto huyo katika kizaazaa chote kile, na wote wawili waliokolewa.

Miezi miwili baadaye, Lubitsch aliingia studio ya MGM kutengeneza kichekesho kuhusu wafanyakazi wa duka la mikoba.

Hadithi yenyewe ilitoka katika tamthilia ya Miklós László, Mhangari aliyeiandika mwaka wa 1937 na kuhamia Marekani mwaka uliofuata. Lubitsch aliipenda hata akajinunulia haki zake. Kazi ya kuigeuza kuwa filamu alimpa Samson Raphaelson, mwandishi aliyeshirikiana naye kwa miaka mingi baada ya Kräly kuondoka. Mahali pakabaki pale pale: Budapest, mji mkuu wa Hungary.

Mkuu wa wauzaji katika duka la Bwana Matuschek ni Alfred Kralik, aliyeigizwa na James Stewart. Anayeajiriwa karibuni ni Klara Novak, aliyeigizwa na Margaret Sullavan, mwanamke anayetafuta kazi kwa udi na uvumba. Hawapatani tangu siku ya kwanza. Kralik amemwambia mwajiri kwamba kasha la sigara linalopiga muziki kila linapofunguliwa halitanunuliwa na mtu mwenye akili timamu. Klara, asiyejua lolote juu ya mabishano hayo, analichukua na kumuuzia mteja mnene akidai kwamba ni kasha la peremende lililotengenezwa ili kumkumbusha mlaji apunguze kula. Anapata kazi, na adui.

Ambalo hawajui ni kwamba kila mmoja wao ana rafiki wa kalamu. Barua hupitia posta, Sanduku 237, bila majina. Ndani yake wanazungumza juu ya vitabu na mambo ya moyoni, wala hawagusii mishahara na bei za mikoba. Msomaji ameshang'amua: Kralik anamwandikia Klara, na Klara anamwandikia Kralik, kisha asubuhi wanafika kazini na kunuiana.

Wanakubaliana kukutana saa mbili na nusu usiku katika mkahawa uitwao Café Nizza. Klara atakuwa na kitabu cha Anna Karenina mezani, na ua jekundu ndani yake. Siku ile ile, saa chache kabla, Bwana Matuschek anamfuta Kralik kazi bila ya kumweleza sababu.

Hapo ndipo filamu hii inapojitenga na vichekesho vingine vya mapenzi. Kralik hana tena ujasiri wa kumkabili mpenzi asiyemjua. Atamwambia nini? Kwamba yeye ni mtu asiye na kazi, wiki chache kabla ya Krismasi? Yeyote aliyewahi kuajiriwa katika duka, iwe Budapest au katika barabara kuu ya Uganda inayopita katikati ya Eldoret, anaelewa kwamba mtu aliyeachishwa kazi hupoteza zaidi ya mshahara.

Anamwomba mwenzake mzee, Pirovitch, achungulie dirishani. Sisi watazamaji tunabaki nje pamoja nao, kwenye baridi, huku tukisikia muziki wa mkahawani. Pirovitch analiona ua, anakiona kitabu, kisha anauona uso. Hajui afanyeje. Anaanza kwa kumuuliza Kralik iwapo anamwona Klara Novak kuwa mwanamke mzuri, na taratibu, kama mtu anayemvunjia mwenzake habari za msiba, anamfikisha kwenye ukweli.

Kralik anaondoka. Baadaye anarudi na kuingia, lakini haingii kama mwandishi wa barua. Anaingia kama Kralik wa dukani na kuketi karibu na mwanamke ambaye macho yake hayabanduki mlangoni. Klara anataka aondoke kabla mgeni wake hajafika. Wanarushiana maneno, na kwa kuwa ana hofu na aibu, Klara anammalizia kwa tusi baya kuliko yote: kwamba yeye si kitu, ni karani mdogo tu asiye na maana. Lubitsch anaiacha kamera juu ya uso wa Stewart. Uso huo haufanyi jambo lolote kubwa, lakini ni nani asiyeona kwamba neno limefika mfupani?

Neno mkahawa kwa Kiswahili limezaliwa na kahawa, na tangu zamani mahali panaponywewa kahawa katika miji ya pwani pamekuwa mahali pa wanaume kuzungumza siasa na kucheza bao. Katika Café Nizza ya Lubitsch, mkahawa ni mahali pa hatari zaidi ya hapo. Ni mahali ambapo mtu wa karatasini analazimika kuwa na mwili na nguo, na mwajiri vilevile.

Wapo wanaomlaumu Kralik kwa yanayofuata, na lawama hiyo ina uzito. Kuanzia usiku huo yeye anajua na Klara hajui. Asubuhi yake Klara anakwenda posta. Lubitsch anaiweka kamera ndani, nyuma ya masanduku. Tunaona mkono wenye glavu ukiingia katika Sanduku 237 na kupapasa patupu, kisha uso wake ukichungulia katika kile kishimo cheusi. Picha hiyo ni ya sekunde chache tu. Yeyote aliyepanga foleni posta akatoka mikono mitupu hahitaji kuelezwa zaidi. Klara anaugua kwa huzuni, na Kralik anakwenda kumjulia hali, akitazama barua aliyoiandika yeye mwenyewe ikimponya mgonjwa. Anaendelea kumficha ukweli hadi usiku wa mkesha wa Krismasi. Lubitsch hamtetei. Anamwacha ajifunze polepole kwamba mwanamke aliyemdharau kazini ndiye yule aliyemheshimu kwenye karatasi, na kwamba kosa la kutomwona lilikuwa lake pia.

Upande wa pili wa hadithi ni mchungu. Bwana Matuschek, aliyeigizwa na Frank Morgan, amepokea barua isiyo na jina ikimweleza kwamba mkewe ana uhusiano na mmoja wa wafanyakazi wake. Anamshuku Kralik, kijana anayempenda kama mwana, na ndiyo sababu ya kumfuta. Mpelelezi anapomletea ukweli, kwamba mkosaji ni Vadas, mfanyakazi mnafiki anayevalia pete na kusifia kila anachosema bosi, mzee anajifungia ofisini na kutaka kujipiga risasi. Kijana tarishi, Pepi, anamkuta wakati ufaao.

Mkewe Matuschek haonekani hata mara moja katika filamu nzima. Ni sauti ya simu tu. Kwa mwelekezi ambaye miaka tisa kabla alisalitiwa na mke wake na rafiki wa kazini, uamuzi huo si wa bahati mbaya. Mlango umefungwa tena, lakini safari hii aliye nje hacheki.

Filamu ilipigwa kwa siku 28 tu, kwa gharama iliyokuwa chini ya dola nusu milioni, kiasi kidogo kwa studio tajiri kama MGM. Lubitsch alitaka kila kitu kiwe cha watu wa kawaida. Sullavan alipojinunulia rinda la dola moja na senti 98, akidhani ni la bei rahisi vya kutosha kwa msichana wa duka, mwelekezi aliliona kuwa maridadi kupita kiasi. Aliagiza lianikwe juani lipauke na lirekebishwe lisimkae vizuri. Mwana wa fundi wa makoti alizijua nguo za watu wanaohesabu senti.

Waigizaji wawili wakuu walikuwa marafiki wa siku nyingi, na hilo laonekana. Wao na Frank Morgan walikutana tena mwaka huo huo wa 1940 katika The Mortal Storm, filamu ya mwelekezi mwingine kuhusu familia ya Kijerumani iliyosambaratishwa na Unazi. Felix Bressart, aliyekuwa Pirovitch, naye alikuwa Myahudi aliyeikimbia Ujerumani baada ya Hitler kuingia madarakani. Studio za Hollywood zilikuwa zimejaa watu kama yeye, wengine wakiwa hawajui lugha wala hawana kodi ya nyumba, na Lubitsch alikuwa miongoni mwa walioanzisha mfuko wa kuwasaidia mwaka wa 1938.

Katika filamu yenyewe hakuna anayetaja vita. Hakuna anayetaja kwamba Hungary ilikuwa tayari imepitisha sheria za kuwabagua Wayahudi mwaka wa 1938 na 1939. Theluji inaanguka, wateja wanamiminika, na usiku wa Krismasi Bwana Matuschek, aliyetoka hospitalini, anahesabu mauzo mazuri kuliko yote tangu 1928. Hana wa kula naye chakula cha jioni. Mmoja mmoja wafanyakazi wake wanampita wakienda kwao, hadi anapompata tarishi mpya, kijana asiye na jamaa mjini, na mzee anaanza kumtajia vyakula watakavyoagiza kwa furaha ya mtoto. Mwaka wa 1944, Wayahudi zaidi ya 400,000 walisafirishwa kutoka Hungary hadi Auschwitz kwa muda wa wiki chache. Ni vigumu kuitazama theluji hiyo ya studio leo bila kuwakumbuka.

Filamu hii haikuvuma kama Ninotchka, ambayo Lubitsch alikuwa ameitoa miezi michache kabla yake akiwa na Greta Garbo. Watazamaji waliipenda, wakaenda zao. Sifa zake zilikua polepole, mwaka baada ya mwaka.

Yeye mwenyewe aligeukia Hitler ana kwa ana. To Be or Not to Be, ya mwaka wa 1942, ni kichekesho kuhusu kikundi cha waigizaji wa Warsaw wanaowahadaa Wanazi kwa kutumia sare na ndevu za bandia. Nyota wake, Carole Lombard, alikufa katika ajali ya ndege Januari mwaka huo kabla filamu haijatolewa. Wahakiki wengi walikasirika, wakaona ni utovu wa adabu kufanya mzaha juu ya mji unaoteketea. Lubitsch alijitetea kwamba hakuwacheka Wapoland bali wale waliowatesa. Wakati umempa ushindi. Leo hiyo ni mojawapo ya filamu zake zinazoheshimiwa zaidi.

Moyo wake, uliochoshwa na kazi na biri alizozivuta mfululizo, ulimwangusha mwaka wa 1943. Habari zilipoenea kwamba hataamka, Raphaelson aliketi akaandika tanzia ya rafiki yake, iliyojaa sifa ambazo wanaume hawaambiani wakiwa hai. Lubitsch akapona. Baadaye akapata kujua kuhusu maandishi hayo, na wawili hao, waliokuwa hawajawahi kuambiana kwamba wanapendana kama ndugu, wakajikuta wakiijadili tanzia hiyo kama mswada wa filamu, marehemu mtarajiwa akipendekeza marekebisho. Kisa hicho, ambacho Lubitsch angeweza kukitunga mwenyewe, Raphaelson alikichapisha mwaka wa 1981.

Machi 1947, baada ya kuteuliwa mara tatu kuwania tuzo ya Oscar ya mwelekezi bora bila kushinda, alipewa Oscar ya heshima. Novemba 30 mwaka huo mshtuko mwingine wa moyo ulimmaliza, akiwa na umri wa miaka 55. Filamu aliyoiacha katikati, That Lady in Ermine, ilikamilishwa na Otto Preminger. Waelekezi Billy Wilder na William Wyler walipotoka mazishini, mmoja alisikitika kwamba Lubitsch hayupo tena, na mwenzake akajibu kwamba baya zaidi ni kuwa hakutakuwa tena na filamu za Lubitsch. Wilder alitundika ukutani mwa ofisi yake swali la kujikumbusha: marehemu angelifanyaje hili?

Hadithi ya Sanduku 237 nayo haikuzikwa. Mwaka wa 1949 iligeuzwa kuwa filamu ya nyimbo iliyoigizwa na Judy Garland, na mwaka wa 1963 ikawa mchezo wa jukwaani, She Loves Me, jijini New York. Mwaka wa 1998, mwelekezi Nora Ephron aliibadilisha barua kuwa baruapepe katika You've Got Mail, akiwatumia Tom Hanks na Meg Ryan. Tukio la mkahawani lilibaki karibu kama lilivyokuwa: mwanamke anangoja mezani na kitabu na ua, rafiki wa mwanamume anachungulia dirishani kwanza, na mwanamume anaingia akiwa adui. Ephron alilipa duka la vitabu la mwanamke huyo jina la filamu ya Lubitsch.

Tofauti ni moja, na si ndogo. Katika filamu ya mwaka wa 1940, Kralik anarudishiwa kazi na kufanywa meneja, na duka linanusurika. Katika ile ya mwaka wa 1998, mwanamume ni mmiliki wa mtandao wa maduka makubwa ya vitabu, na wawili hao wanapokumbatiana mwishoni, duka dogo la mwanamke limeshafungwa na wafanyakazi wake wameshatawanyika.